Besi ya Mlangoni

Tukipanda matatu wengi wetu husifu ile spika kubwa ya nyuma inayotikisa viti. Mimi husikiliza za milangoni. (Nasema spika, ukimwambia fundi "kipaza sauti" atakuletea maikrofoni.) Kishindo cha ngoma hutoka hapo, kati ya hezi 80 na 300 hivi, na inchi 6.5 zatosha.

Binamu yangu mwenye gari kuukuu alitaka kuuza mbuzi wawili anunue spika kubwa zaidi, eti zake hazina besi. Nikamwambia, hebu ngoja. Spika husukuma hewa mbele huku ikiivuta nyuma. Mlango ukiwa na matundu, hewa hiyo huzunguka na sauti mbili huuana. Tukaziba matundu makubwa kwa bati, tukaacha yale ya chini yanayotoa maji ya mvua. Ukiyaziba hayo, kutu itaula mlango! Spika tukazikaza kwenye vipande vya ubao, sio kwenye plastiki. Nyaya pia: chanya kwa chanya pande zote mbili, la sivyo kushoto na kulia zitapingana. Besi ikaja, spika zile zile. Mbuzi hawakuuzwa.

Kabla ya kufunga mlango, teremsha kioo mpaka chini. Spika yenye sumaku nene hukizuia.