Kodi ya Ardhi ya Marehemu: Nani Alipe?

Baba amefariki miaka kadhaa iliyopita, hati ya kiwanja bado ina jina lake, na sasa imeletwa ilani ya madai ya kodi ya pango la ardhi. Dada mkubwa anasema alipe anayekaa kwenye nyumba. Anayekaa humo anajibu kwamba yeye hadaiwi, mbona kila mwezi anakatwa kwenye LUKU?

Hapo ndipo familia nyingi nchini Tanzania zinapogombana bure. Kinachokatwa kwenye LUKU ni kodi ya jengo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Pango la ardhi ni kodi nyingine kabisa. Hulipwa kila mwaka kwa ardhi iliyomilikishwa, na kifo cha mmiliki hakiifuti. Ikicheleweshwa, adhabu inaongezeka. Serikali inaweza kufungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hata miliki yenyewe inaweza kubatilishwa.

Mwenye jukumu la kulipa ni msimamizi wa mirathi, tena kwa mali ya marehemu. Sheria inamtaka akusanye mali, alipe madeni, ndipo agawe. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayemteua msimamizi ni mahakama. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni, Fomu Na. V. Hakikisheni deni la ardhi limeandikwa humo, kwa sababu lisipoonekana mapema litawaibukia baada ya mgawo, kila mtu akiwa ameshashika chake.

Aliyelipa kwa fedha zake ili kunusuru kiwanja amewafaa wenzake. Stakabadhi azikabidhi kwa msimamizi ziingizwe kwenye hesabu, abaki na nakala. Ila asijidanganye: hata akilipa miaka kumi, stakabadhi hazimpokonyi mrithi mwingine haki yake.

Msimamizi akificha hesabu, rudini kwenye mahakama iliyomteua, inaweza kumwondoa. Mkitilia shaka kiasi kinachodaiwa, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri na hati pamoja na stakabadhi za zamani. Angalieni hasa ukubwa na matumizi yaliyoandikwa, makazi au biashara, maana viwango vyake hutofautiana.

Mgawo ukikamilika, msimamizi apeleke nyaraka za mirathi kwa Msajili wa Hati jina libadilishwe. Kuanzia hapo, pango la kila mwaka ni la mrithi aliyeandikwa kwenye hati.