MASIZI: MOTO ULIOMO NDANI YA MOSHI

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Leo, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nataka kuongeza neno moja juu ya hayo ya wahenga: hata moto ukizimwa, moshi huondoka na moto wake. Msinicheke. Nitaeleza.

Likizo ya Agosti nilikuwa kwa nyanya. Jiko lake ni la mafiga matatu, na ukiinua macho paani utaona masizi yakining'inia kama nyuzi nyeusi za buibui. Jioni moja alikuwa akichochea kuni chini ya chungu cha githeri, nami nimeketi kando ya koroboi na kitabu changu cha jiografia. Mnajua vile mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alivyo msomi mkubwa akifika kijijini. Nikaanza kuhubiri: "Nyanya, moshi huu unaongeza joto duniani."

Nyanya alikohoa kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hebu nieleze. Tukichoma majani shambani, ukisimama chini ya ule moshi si jua linafifia? Si unapata kivuli? Sasa hiyo joto inatoka wapi?"

Lo! Nilibaki kinywa wazi. Nikamwambia nitamuuliza mwalimu. "Haya, uliza," akasema. "Na usiniletee maneno nusu."

Masizi ni nini?

Kuni, dizeli au mafuta ya taa yakiungua kwa hewa ya kutosha, karibu kaboni yote iliyomo hugeuka gesi. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni hiyo hubaki kuwa chembe nyeusi, ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Hayo ndiyo masizi. Wanasayansi huyaita kaboni nyeusi. Hutoka kwa mafiga yetu, kwa malori na matatu za dizeli, kwa tanuri za matofali na kwa mioto ya misitu na mashamba.

Usiidharau koroboi, msomaji. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayochomwa na taa za namna hiyo hugeuka masizi. Kwa moto wa kuni, kiasi hicho ni kama nusu ya asilimia moja tu. Kumbe kale kataa kadogo ndiko fundi hasa wa masizi!

Mikebe miwili

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wetu swali la nyanya. Hakunijibu. Alinipa mikebe miwili iliyolingana, akaniambia mmoja niupake masizi kutoka jikoni, wa pili niuvike karatasi nyeupe. Nikaitia maji sawa na kuiacha juani tangu saa nne hadi saa nane. Kisha akaniambia nitie kidole. Maji ya mkebe mweusi yalikuwa moto, yale ya mkebe mweupe yalikuwa vuguvugu tu.

"Basi," mwalimu akasema, "sasa chukua ule mkebe mweusi, usage uwe unga, uurushe angani." Hapo nikaanza kupata mwanga.

Jibu la nyanya

Kwanza, nyanya alisema kweli: chini ya moshi mweusi kuna kivuli. Mwaka wa 1991, majeshi ya Iraki yalipokuwa yakiondoka Kuwait, zaidi ya visima 600 vya mafuta viliwashwa moto. Chini ya wingu lile jeusi mchana uligeuka jioni, na ardhi ikawa na baridi kuliko kawaida. Lakini mwanga uliokosa kufika chini ulienda wapi? Ulinywewa na masizi njiani, ukageuka joto, nalo joto likaingia katika hewa iliyoyazunguka. Halikurudi lilikotoka. Tulinyimwa jua chini, tukawashiwa jiko juu.

Si kila kitu kinachopanda angani hufanya hivyo. Mwaka huohuo wa 1991, mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka, ukarusha juu sana gesi ya salfa. Gesi hiyo iligeuka matone madogo yenye kung'aa, yakarudisha miale ya jua kama kioo, na dunia ikapoa kwa karibu nusu digrii kwa muda. Kwa hivyo rangi ya chembe ina maana kubwa: nyeupe hurudisha, nyeusi hunywa. Moshi wa kuni huwa na zote mbili, lakini wa dizeli na wa koroboi ni mweusi hasa.

Masizi yana madhara mengine pia. Yakianguka juu ya barafu, kama kule Aktiki na kwenye milima ya Himalaya, barafu iliyokuwa ikirudisha jua hupakwa weusi, nayo huyeyuka upesi. Tena, ardhi ikipoa huku hewa ya juu ikipata joto, hewa haipandi vizuri kama ilivyozoea, na mawingu na mvua huvurugika.

Habari njema

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Gesi ya kabonidayoksaidi tunayoitoa leo, sehemu yake itakuwa bado angani karne nyingi zijazo. Masizi hayakai. Baada ya siku chache, au wiki moja au mbili, mvua huyaosha. Hata ule moshi wa Kuwait, ambao wengine walihofia utaharibu hewa ya dunia nzima, haukupanda juu sana, ukaisha muda mfupi baada ya moto wa mwisho kuzimwa Novemba 1991. Maana yake ni kwamba tukiacha kutoa masizi leo, anga itaanza kusafika mwezi huu huu. Hili halituondolei deni la ile gesi nyingine, lakini ni pa kuanzia.

Na si anga tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka wa 2020. Nikisoma hesabu hiyo, husikia kikohozi kimoja tu ninachokijua.

Desemba nilimrudishia nyanya jibu lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama paani, akauliza: "Na yale ambayo hayajaruka juu yako wapi?" Sikumjibu. Tulijua sote wawili.

Shangazi sasa amemletea taa ya sola, na koroboi imestaafu. Gesi bado ni ghali, kwa hivyo mafiga yapo. Lakini nimetoboa dirisha upande wa pili wa jiko, na kuni tunazianika hadi zikauke ndipo tuziwashe. Nyanya bado anakohoa, ila si kama zamani.

Nanyi wenzangu, tukirudi nyumbani likizo hii, tuinue macho tutazame paani jikoni. Hapo pameandikwa somo zima, tena kwa wino mweusi.