Yusufu Alinyoa Kwanza

SOMO LA WIKI: Kutafuta kazi, kuandika mtu kazi, na kukaa kazini
MAANDIKO: Mwanzo 39–41, Kutoka 18:13–26, Danieli 6:1–10, Luka 3:12–14, Matendo 6:1–7, Yakobo 5:4



Ukifungua kikapu cha vikaratasi vya maombi siku yoyote, kazi ndiyo inayoongoza. Mmoja hana kazi na anataka mlango ufunguke. Mwingine anayo, lakini bosi hampi pumzi. Wa tatu ameketi kiti kimoja miaka minane akitazama wenzake wakipandishwa. Tunawaombea wote na tutaendelea kuwaombea. Lakini kuna mtu mmoja ambaye haandiki kikaratasi kamwe, naye ni yule ndugu au dada aliyeandika mtu kazi. Huyo naye ana neno lake leo, asiruke ukurasa.

Tuanze na Yusufu, manake kila mtu anampenda Yusufu. Tunapenda kuhubiri gereza halafu ikulu, usiku mmoja tu. Hebu soma polepole. Mwanzo 37:2 inasema alikuwa na miaka kumi na saba. Mwanzo 41:46 inasema aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka thelathini. Hapo katikati kuna miaka 13, na karibu yote aliitumia kufanya kazi ya mtu mwingine vizuri: nyumba ya Potifa, halafu hesabu za gereza. Hakuna mahali tunaambiwa alilegeza mkono ati kwa sababu kazi ile haikuwa ya ndoto yake.

Sasa angalia mstari wa 14 wa sura ya 41. Farao anaita, wanamtoa shimoni mbio mbio, na bado Yusufu ananyoa, anabadilisha nguo, ndipo anaingia. Mtu aliyejaa Roho, mwenye kipawa cha kufasiri ndoto, alikumbuka wembe. Wapendwa, tumeona watu wakifunga siku tatu kwa ajili ya intavyuu, kisha wanafika saa nne kwa miadi ya saa tatu, na sababu ni feri. Feri ya Likoni haikuanza kuchelewa jana. Ukijua intavyuu iko mjini saa tatu, vuka saa kumi na mbili, ukae Posta unywe chai yako ukisoma tena sivii yako mwenyewe, ujue umeandika nini ndani. Kufunga ni kuzuri, na kufika mapema ni kuzuri vilevile, wala kimoja hakilipi deni la kingine.

Na alipoingia, Yusufu hakuomba nafasi. Soma mstari wa 33 hadi 36: alieleza tatizo, akatoa mpango, akataja hata fungu la mavuno litakalowekwa akiba. Nafasi alipewa baadaye. Kijana unayeingia ofisini ukisema tu "niko tayari kufanya kazi yoyote," tajiri anasikia kwamba hujui kazi yake. Pita kwanza. Kama ni duka la vinyago, lijue linauza nini na kina nani hununua. Kama ni ofisi ya mizigo, ujue kontena inatoka Kilindini kwa hatua gani. Pale karibu na Fort Jesus kuna Swahilipot Hub, tangu 2016 inapokea vijana wa kujifunza kompyuta na stadi za kazi. Nenda ukaulize. Kuuliza hakuna ada.

Hapa kuna jambo linalosumbua wengi, la kujuana. Wengine wamekata tamaa kabisa: bila mtu ndani huandikwi, basi. Wengine wanasema Mungu ndiye refa wangu, sitaki mwanadamu. Lakini Yusufu mwenyewe alimwambia mnyweshaji amkumbuke (40:14). Mnyweshaji akasahau miaka miwili mizima, na alipokumbuka alisema nini? Alisema alichokiona kwa macho yake: tulikuwa naye, alitufasiria, ikawa vile vile. Hiyo ni sifa ya kweli kutoka kwa mtu aliyefanya kazi nawe, na si dhambi kuiomba wala kuitoa. Dhambi inaanza pale sifa inaponunuliwa, au pale unapomsifia mpwa wako kwa kazi asiyoijua.

Kuhusu hongo tuseme wazi, tusizunguke. Wako kati yetu walioambiwa "lete elfu fulani ya chai, jina lako liingie," na wako waliouza hata mbuzi wa mama. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, wote wawili, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Katiba yetu, kifungu cha 232, inataka watu waandikwe kwenye utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa uwezo. Kwa hiyo anayekuuzia nafasi ya serikali anakuuzia kitu kisicho chake. Mara nyingi hata hayupo ndani, ni tapeli wa kawaida mwenye barua ya kupewa kazi iliyopigwa muhuri wa kuchongesha.

Kwa dada zetu wanaoitwa Saudia, Qatar na Dubai: kabla hujatoa pasipoti yako kwa mtu yeyote, hakikisha wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, yaani NEA. Soma mkataba wako kabla ya safari, uliza mshahara, saa za kazi na nani atalipa nauli ya kurudi, na uache nakala nyumbani kwa mtu anayeweza kuisoma. Ukiambiwa utausainia ukifika, usipande ndege. Tunaomba usiogope kuwasumbua wazee wa kanisa na swali hilo. Afadhali tuketi na karatasi hizo saa nzima kabla hujaenda kuliko kuchanga nauli ya kukurudisha.

Sasa twende Ndia Kuu. Kwa Kimvita ndia ni njia, kwa hiyo jina ni njia kuu tu, njia ya kutoka upande wa Fort Jesus kuingia ndani ya Mji wa Kale kuelekea bandari ya zamani. Wengi wetu hatuishi pale, lakini riziki tunaitafuta pale: wauzaji wa vinyago na vikoi, waongoza watalii, mafundi, wapishi, wasukuma mikokoteni. Na matajiri wengi wa pale ni Waislamu. Saa zingine mtu anakuja kulia kwa mchungaji kwamba tajiri "si mtu wa imani," kana kwamba hilo peke yake ni mateso. Danieli alimtumikia Dario. Yusufu alimtumikia Potifa. Musa alipewa somo lake kubwa la uongozi na Yethro, kuhani wa Midiani, na Kutoka 18:24 inasema alimsikiza. Tajiri anayefunga duka Ijumaa mchana aende kuswali anajua maana ya kumcha Mungu, pengine anakuelewa kuliko unavyodhani. Mwezi wa Ramadhani usimkalie na chapati mbele ya uso wake ukadai uhuru wa kuabudu. Ni adabu tu.

Na Jumapili yako? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haijataja Jumapili. Kwa hiyo sema siku unayoandikwa, sio baada ya miezi mitatu: "Bwana, mimi Jumapili asubuhi naenda ibadani, naweza kufidia siku nyingine?" Wengi watakubali. Asiyekubali, utakuwa umejua mapema, uamue ukiwa na akili timamu.

Kuna jambo la Ndia Kuu ambalo halisemwi madhabahuni. Ni cha juu. Tajiri ameweka kinyago shilingi 2,000, mtalii hajui bei, kijana wa duka anasema 3,500, risiti inaandikwa 2,000 na 1,500 inaingia mfukoni. Au mwongoza watalii anampeleka mgeni duka fulani si kwa sababu vitu vyake ni vizuri, bali kwa sababu ya kamisheni, na mgeni anaambiwa ni duka la shangazi. Watu wanajitetea: mshahara ni mdogo. Ni kweli, mara nyingi ni mdogo. Lakini watoza ushuru walipomwendea Yohana kutaka kubatizwa wakauliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kutoza zaidi ya kiasi kilichowekwa. Kamisheni ambayo tajiri anaijua na mmekubaliana ni malipo halali, pokea kwa shukrani. Ile anayofichwa ni wizi, hata ukitoa fungu la kumi juu yake. Na ukiona mshahara haukutoshi, njia ni kuomba nyongeza kwa mdomo wako au kutafuta kwingine.

Tuguse kidogo habari ya "maadui kazini." Danieli alikuwa nao kweli, wa kumpeleka kwa simba. Lakini ona, walipekua kazi yake kwanza wakitafuta kosa, wakakosa (6:4). Wangepekua kazi yako, wangetoka na nini? Si kila anayekurekebisha ametumwa. Msimamizi anayekuambia hesabu ya jana haikufunga hajakufunga nyota, anataka hesabu. Kabla hatujaliweka jina lake kwenye kesha, tufunge hesabu. Na Danieli maombi yake aliyafanya nyumbani kwake, dirishani, mara tatu kwa siku, huku kazi ya mfalme ikienda. 

Lakini wapendwa, tusije tukawageuza wafanyakazi wote kuwa wenye makosa. Kulalamika kwa haki si uasi. Neno kibarua lenyewe linatokana na barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya siku ili airudishe apate malipo. Mji huu umejengwa na watu wa karatasi hiyo. Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata wa majumbani, waliweka kazi chini karibu wiki mbili wakidai mshahara wa kuishi. Walikuwa wakikutana uwanjani, wakauita Kiwanja cha Maskini. Chama kilichozaliwa humo kiliongozwa na Chege Kibachia, na Agosti mwaka ule serikali ya mkoloni ikamkamata ikampeleka kizuizini Kabarnet. Hata hivyo malalamiko yalisikilizwa na baadhi yao wakaongezwa mishahara. Leo ukifanya kibarua kwa mtu mmoja mfululizo mpaka kikafika mwezi, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinakutoa kwenye ukibarua, uhesabiwe mfanyakazi wa mwezi. Ukionewa, ofisi ya kazi ya serikali iko na kazi yake ni kusikiliza. Kwenda huko si kumkosea Mungu imani.

Ndipo tunafika kwa yule asiyeandika kikaratasi.

Kanisa la kwanza nalo lilipata mgogoro wa kazi. Matendo 6: wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahaulika kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakusema ni roho ya manung'uniko. Walitoa vigezo, watu wenye sifa njema, Roho na hekima, wakaacha mkutano uchague. Soma majina saba ya mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana waliwapa kazi hiyo watu wa upande uliokuwa ukilia. Sisi tukiwa na duka, saluni, shule ndogo, tunamwandika nani? Watu wa kijijini kwetu, tena tunasema Mungu ametuongoza. Kijana wa Mji wa Kale au wa Kisauni anayejua kazi anapita mlangoni mara tano. Kifungu cha 5 cha sheria ile ile kinakataza kubagua mtu kwa asili yake, dini, ujauzito, au hali yake ya VVU. Yethro alimpa Musa sifa nne za kutafuta: uwezo, kumcha Mungu, ukweli, na kuchukia mapato ya dhuluma. Kabila hakulitaja.

Na yule dada wa kazi nyumbani. Wewe uko hapa ibadani umeinua mikono, yeye yuko na watoto wako, hana hata Jumapili moja kwa mwezi. Mshahara wake ni wa tarehe 5, leo ni 19, na ukiulizwa unasema mambo ni magumu, lakini sare ya kwaya imelipiwa. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe juu yake. Yakobo 5:4 inaenda mbali zaidi: ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya sadaka yoyote ya mbegu, lipa kwanza mshahara wa dada.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Mwanzo 39:8–9. Kwa nini Yusufu anataja kwanza uaminifu wa bwana wake kwake, ndipo anamtaja Mungu?
2. Katika kazi unayofanya, "cha juu" kinaitwaje? Tajiri wako anakijua?
3. Mwenye duka au biashara: watu watatu wa mwisho uliowaandika, ulijuaje kuwa wanaiweza kazi?
4. Je, kuna mtu unayemdai au anayekudai mshahara ndani ya ushirika huu huu? Mkae wawili pembeni kabla ya chai.
5. Nani kati yetu anatafuta kazi sasa, na nani anaweza kumsomea sivii yake leo kabla hatujaondoka?