Siki Ngeni Jikoni: Onja kwa Akili

Tuseme unaishi Kidodi, wilaya ya Kilosa, jirani na mashamba ya miwa. Ni likizo. Dada yako amerudi kutoka Dar es Salaam na chupa ambayo nyumbani kwenu haijawahi kuonekana. Ni siki, lakini si ile nyeupe mnayoijua. Hii ni ya kahawia, imetengenezwa kwa tufaha na kutiwa tangawizi.

Dada anasema, "Mdogo wangu, kunywa kijiko kimoja asubuhi kabla hujala kitu. Mwili utapungua wenyewe."

Bibi anadakia, "Mjukuu wangu, usiguse! Vitu vya uchachu vinakausha damu."

Sasa umsikilize nani? Kabla ya kujibu, tujifunze kwanza siki ni kitu gani.

SIKI INATOKA WAPI?

Siki huanza na sukari. Inaweza kuwa sukari ya tufaha, nanasi, ndizi au hata miwa. Kwanza hamira hugeuza sukari kuwa kileo, yaani alikoholi. Kisha bakteria wa siki, wakisaidiwa na oksijeni ya hewani, hugeuza alikoholi kuwa asidi ya asetiki. Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai wadogo sana.

Kwa hiyo hata miwa ya Kidodi inaweza kutoa siki. Huko Ufilipino siki ya miwa ni kitu cha kawaida jikoni.

SOMA CHUPA KWANZA

Siki ya kula kwa kawaida ina asidi kama asilimia 4 hadi 6. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Angalia lebo: jina, nguvu ya asidi, vilivyotiwa ndani, tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kama chupa haina lebo, usionje. Usinuse kwa karibu. Maji ya betri ya gari nayo ni asidi, na wapo watu wanaoyahifadhi kwenye chupa za soda. Asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji nayo huunguza mdomo na koo. Ukosefu wa lebo si jambo dogo, unaweza kumpeleka mtu hospitali.

TUFANYE JARIBIO

Unahitaji: nyanya 3, kitunguu 1, tango 1, chumvi kidogo, ndimu na ile siki ngeni.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga kwa maji safi na salama. Usitegemee siki kuua vijidudu vya maji machafu.
2. Katakata kachumbari, tia chumvi, changanya, kisha gawa sahani tatu zilizo sawa.
3. Sahani A usitie kitu. Sahani B tia kijiko kimoja cha chai cha siki. Sahani C tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu.
4. Wape watu wa nyumbani waonje bila kuwaambia ipi ni ipi. Andika majibu yao.

Kwa nini chumvi iwe sawa? Kwa sababu jaribio la haki hubadilisha kitu kimoja tu. Huenda mkagundua jambo: penye uchachu, ulimi hauombi chumvi nyingi. Hilo ni zuri, maana chumvi nyingi huchangia shinikizo la damu.

Baada ya hapo jaribu vyakula vingine. Kwenye maharage, tia siki yakishaiva, kwa sababu asidi huchelewesha kulainika. Mchicha utie ukiwa mezani, la sivyo rangi ya kijani itafifia. Samaki wakitiwa siki harufu hupungua, kwa kuwa kemikali zinazotoa shombo ni besi, na asidi huzituliza. Lakini angalia: samaki aliyeoza ni aliyeoza tu. Siki huficha harufu, haiondoi sumu.

Usipikie wala kuhifadhi siki kwenye sufuria ya alumini, maana asidi hula chuma hicho. Tumia chupa ya kioo.

TURUDI KWA DADA NA BIBI

Tuanze na dada. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kutoka Lebanon uliodai kwamba vijana wa miaka 12 hadi 25 walipungua uzito kwa kunywa siki ya tufaha. Habari hizo zilienea duniani. Mwaka 2025 jarida lililouchapisha liliufuta, kwa sababu takwimu zake hazikuaminika. Kinachojulikana vizuri ni hiki: siki ikinywewa mara kwa mara bila maji hula ganda la meno, na inaweza kuchoma koo na kusumbua tumbo, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo. Ganda la meno likishaliwa halioti tena. Na wewe bado unakua, unahitaji kula vizuri na si kujikondesha.

Na bibi je? Kwa heshima zote, hapa amekosea. Ndimu na siki havikaushi damu. Wasichana wengi huacha ndimu kwa hofu hiyo, kumbe wanajinyima. Maji ya ndimu yana vitamini C, inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Madini hayo ndiyo hujenga damu, na msichana anayepata hedhi huyahitaji zaidi. Ila siki haina vitamini C ya kutosha kufanya kazi hiyo. Kwa ladha, chagua unayoipenda. Kwa damu, kamulia ndimu.

Jambo jingine ambalo vijana hunong'onezana: siki haizuii mimba wala magonjwa ya zinaa. Kujioshea ukeni kwa siki au ndimu huweza kuchubua ngozi laini na kuvuruga bakteria walinzi. Ukiwashwa au ukitokwa na uchafu usio wa kawaida, nenda zahanati. Usione aibu.

TAHADHARI MBILI ZA MWISHO

Usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ni hatari kwa mapafu.

Ukitengeneza siki yako mwenyewe, usiitumie kwa achari ya kuweka muda mrefu. Hujui nguvu ya asidi yake, na asidi ikiwa dhaifu bakteria wenye sumu wanaweza kukua humo.

JIPIME

1. Kwa nini siki haiwezi kutengenezwa kwenye chupa iliyozibwa kabisa?
2. Rafiki yako ana upungufu wa damu na anaogopa ndimu. Utamwambia nini?
3. Mama mdogo amenunua samaki wenye harufu mbaya, anataka kuwaosha kwa siki. Utamshauri nini, na utalisemaje kwa adabu?
4. Kuna chupa nyumbani kwenu zisizo na lebo? Leo hii, mwombe mkubwa mzikague pamoja na kuandika majina.