Je, Paka Afundishwe Kwenda Chooni?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wenzangu huandika juu ya ngeli na ushairi. Mimi mwaka huu nimechagua kinyesi cha paka. Msicheke! Jambo hili karibu livunje nyumba yetu huku Ukunda.

Dada yangu mkubwa ni mjamzito. Kliniki muuguzi alimwuliza, "Nyumbani mwafuga paka?" Aliposema ndiyo, akaambiwa asiguse kinyesi chake. Basi nyumbani maneno yakaanza. Mama akataka paka apelekwe ufuoni akaishi kwa kuomba vichwa vya samaki kwa wavuvi. Mjomba, ambaye ni mpishi katika nyumba moja ya kifahari Diani, akasema ati paka wa tajiri wake hupanda juu ya choo cha kuvuta maji na kujisaidia kama binadamu. Wetu naye afundishwe! Mimi nimelichunguza jambo hili, na msimamo wangu ni kwamba paka afundishwe, lakini si chooni.

JE, YAWEZEKANA?

Naam, mjomba hakusema uongo. Charles Mingus, mwanamuziki mashuhuri wa jazi wa Marekani, alimfundisha paka wake Nightlife katika miaka ya 1950, hata akaandika maelezo ya kuwafunza wengine. Alianza na boksi lenye vipande vya gazeti. Akalisogeza kidogo kidogo hadi chooni, akalipandisha juu ya choo, akalikata tundu, na mwisho akaliondoa kabisa. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

MAUMBILE YA PAKA

Lakini kuweza si kupaswa. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, nchi za ukame na mchanga. Ndiyo maana hata kipaka kidogo huchakura, hujisaidia, kisha hufukia. Anaficha harufu yake. Juu ya choo atafukia nini? Isitoshe, akiumwa tumbo au mkojo ukimzuia, hutaona dalili yoyote, kwa kuwa maji yameshabeba kila kitu.

Tena tuseme kweli, wengi wetu kutoka Ukunda hadi Msambweni tuna vyoo vya shimo. Paka akiteleza pale ndio mwisho wake. Nani atamtoa?

UGONJWA WENYEWE

Muuguzi alikuwa na sababu. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma, kilichogunduliwa Tunis mwaka 1908. Paka hukipata akila panya, ndege au nyama mbichi, kisha hutoa mayai yake katika kinyesi, kwa kawaida kwa muda wa wiki chache tu. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akadhurika macho na ubongo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano ndipo yawe na nguvu ya kuambukiza. Kwa hivyo kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua sana. Na kumtupa paka hakumalizi hatari, kwani wako paka shume wangapi wanaozurura mitaani? Mtu huweza pia kuambukizwa kwa nyama isiyoiva, mchicha usiooshwa na udongo wa bustani.

BAHARI YETU

Wengine watasema, "Basi tukimwage chooni kiende zake." Kiende wapi? Huku pwani chini ya udongo ni mwamba wa matumbawe wenye vitundu vingi, na visima vyetu na bahari viko karibu. Mayai ya kijidudu hiki ni magumu, hudumu miezi mingi katika udongo wenye unyevu. Huko California yaliwafikia fisimaji wa baharini na kuwaua baadhi yao. Mwaka 2006 jimbo hilo lilipitisha sheria kuwa mifuko ya mchanga wa paka iandikwe onyo kwamba mchanga huo usimwagwe chooni wala mitaroni.

TUFANYEJE?

1. Chukua karai kuukuu, tia mchanga mkavu, uweke pembeni palipo kimya, mbali na jiko.
2. Paka akishakula, mweke humo. Akichakura, mwache. Usimpige wala kumsugua pua akikosea, atakuogopa bure.
3. Toa kinyesi kila siku kwa kijiko cha kazi hiyo tu. Mjamzito asifanye kazi hii.
4. Kifunge kwa gazeti (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017), ukifukie kwenye shimo refu, mbali na kisima na bustani.
5. Nawa mikono kwa sabuni.
6. Usimpe paka nyama mbichi.

Kwetu kazi ya karai nimepewa mimi, na mama amekubali paka abaki. Madrasa tulifundishwa kuwa paka si najisi, ila kinyesi chake ni najisi. Kwa hivyo tukiondoe kinyesi, si paka. Wahenga nao walisema, paka wa nyumba haingwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kwa nini kinyesi cha paka kiondolewe kila siku?
(b) Eleza sababu mbili za kutomfundisha paka kutumia choo.
(c) Tofautisha maana: fukia, fukua, chakura.
(d) "Paka wa nyumba haingwa." Tunga kisa kinachothibitisha methali hii.