Wakati Jibu Halijafika

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 27, Yer. 41:16–43:7, Mwa. 39:20–41:14, Dan. 1, 2 Sam. 7:1–18, 1 Fal. 8:17–19, 1 Nya. 22:2–5.

Fungu la Kukariri: Zaburi 27:14. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia anayoitumia nyumbani.

Kwa karne nyingi mabaharia wa Uarabuni na Bara Hindi walifika Unguja kwa upepo wa kaskazi, wakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu. Jahazi lililomaliza biashara yake Februari halikuweza kuondoka kwa sababu tu nahodha ana haraka. Hata hivyo, miezi hiyo haikuwa ya kulala. Chombo kilipandishwa pwani, kikakalafatiwa kwa pamba, kikapakwa shahamu upande wa chini, na matanga yakashonwa. Huko Nungwi, jirani ya Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, vyombo vya mbao vinaundwa na kutengenezwa mpaka leo.

Juma hili tunajifunza juu ya kungoja kwa namna moja inayowagusa vijana wengi wa kanisa pamoja na wazazi wao, yaani kungoja jibu la maombi ya kujiunga na masomo ya uzamili. Mwamini afanye nini kati ya siku aliyotuma fomu na siku jibu linapofika? Na jibu hilo, likiwa ndiyo au hapana, lina uzito gani mbele za Mungu?

*Jifunze somo hili kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Maombi Mawili

*Soma Zaburi 27:7–14. Daudi anaomba nini, na anafanya nini kabla hajajibiwa?*

Kiswahili kina neno moja, maombi, kwa mambo mawili. Mtu hupeleka maombi chuoni, na jioni mtu huyo huyo hupiga magoti akapeleka maombi kwa Mungu. Yote mawili hungojewa. Ndiyo maana ni rahisi kuyachanganya, hata barua pepe ya kamati ya udahili ikasomwa kana kwamba imeandikwa mbinguni.

Mchukulie kijana Mwadventista kutoka bara, mwenye shahada ya kwanza, anayefanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya Kendwa. Ameomba ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza huutoa kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja. Maombi hayo kwa kawaida hufunguliwa Agosti, usaili hufanyika mapema mwaka unaofuata, na majibu hutoka katikati ya mwaka. Mwombaji huchagua kozi tatu, na kila chuo nacho hujibu kwa wakati wake. Kwa busara ameomba pia karibu na nyumbani: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika kilichopo Ongata Rongai, Kenya, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu.

Katikati ya miezi hiyo huja masika. Wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga kwa muda, na kipato hupungua pamoja nazo. Mama yake anapiga simu kuuliza kama wamejibu. Jirani yake, mzee wa Kendwa, anamwambia, “Subira yavuta heri, mwanangu.” Ni neno jema, tena limesemwa kwa upendo. Lakini Zaburi ya 27 inakwenda mbele zaidi ya hapo. Daudi haambiwi kwamba kila alichokitaka kitakuja. Anautafuta uso wa Bwana wakati adui bado wamemzunguka, na heri ya kwanza anayoiona ni Bwana mwenyewe.

Kamati ya udahili inajibu swali dogo: je, mwombaji huyu apewe nafasi hii mwaka huu? Haikuulizwa kama Mungu anampenda, wala kama maisha yake yana kazi. Maswali hayo yalikwisha kujibiwa Kalvari, kabla fomu haijajazwa.

*Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba umeanza kuchanganya jibu la wanadamu na jibu la Mungu?*

JUMATATU

Siku Kumi za Yeremia

*Soma Yeremia 41:16–42:7. Watu waliahidi nini, na walingoja kwa muda gani?*

Gedalia, liwali wa Yuda, alikuwa ameuawa, na mabaki ya watu waliogopa kisasi cha Wakaldayo. Walimwendea Yeremia wakamsihi awaombee njia ya kuiendea. Waliapa kwamba watatii, jibu liwe jema au liwe baya machoni pao. Kisha wakangoja siku kumi.

Neno la Bwana lilipokuja, liliwaagiza wabaki katika nchi. Wao wakakataa, wakamwita nabii mwongo, wakashuka Misri (Yer. 43:1–7). Je, walibadilika ghafla? Yeremia 41:17 inaonyesha kwamba kabla ya kuuliza lolote walikuwa wamekwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu, nyuso zao zikielekea Misri. Siku zile kumi hawakuwa wakingoja kuongozwa. Walikuwa wakingoja muhuri juu ya uamuzi wao.

Ni jambo la kumtafakarisha kila anayeomba nafasi ya masomo. Si dhambi kutamani kwenda London au Nairobi. Daudi alitamani, Paulo alitamani. Hatari ni kumwambia Mungu, “Mapenzi yako yatimizwe,” huku moyo umekwisha kufunga mizigo na kuapa kutosamehe ikiwa safari haitakuwapo. Siku za kungoja ni nafasi ya kumwambia Bwana ukweli: “Ninaitaka sana nafasi hii, na ninaogopa kuikosa.” Sala ya namna hiyo humfungulia Mungu mlango wa kushughulika na tamaa yenyewe, wakati jibu bado liko njiani.

*Je, kuna jibu moja ambalo usingeweza kulipokea kutoka kwa Mungu? Mwambie hivyo leo katika sala ya siri.*

JUMANNE

Miaka Miwili Gerezani

*Soma Mwanzo 40:6–15, 23 na 41:1. Yusufu alifanya nini alipokuwa gerezani?*

Mnyweshaji wa Farao alitoka gerezani akamsahau Yusufu. Biblia inahesabu muda uliofuata: miaka miwili mizima. Haituambii Yusufu aliwaza nini katika miaka hiyo. Inatuambia tabia yake ilivyokuwa kabla yake. Asubuhi moja aliwatazama wafungwa wawili, akaona nyuso zao zimekunjamana, akawauliza sababu. Mtu aliyesingiziwa na kufungwa bila kosa alikuwa bado na nafasi moyoni ya kuona huzuni ya mwingine.

Angalia pia kwamba Yusufu aliomba msaada waziwazi. Alimsihi mnyweshaji amtaje mbele ya Farao (40:14). Kumtegemea Mungu hakukumzuia kutumia njia iliyokuwapo. Vivyo hivyo, mwombaji anayewakumbusha kwa adabu walimu wake wapeleke barua za mapendekezo, au anayekiuliza chuo kama nyaraka zake zimefika, hajapungukiwa na imani.

Baada ya hapo kazi ya leo inabaki. Mgeni anayefika mapokezi Kendwa saa nane usiku, amechoka na safari, anastahili kupokewa na mtu aliyepo kweli, si na mtu ambaye mawazo yake yako ndani ya simu. Mwenzake wa zamu aliyefiwa anahitaji mtu wa kumsikiliza. Yusufu aliposimama mbele ya Farao hakuwa ameanza kujifunza uongozi siku hiyo. Alikuwa ameusimamia nyumbani mwa Potifa na gerezani, mahali ambapo hakuna aliyemwandikia cheti.

*Ni nani aliye karibu nawe ambaye umeshindwa kumwona kwa sababu macho yako yako kwenye jibu unalolingoja?*

JUMATANO

Usaili Siku ya Sabato

*Soma Danieli 1:8–16. Danieli alikataa kwa namna gani?*

Tuseme barua pepe imefika hatimaye. Chuo kimojawapo kinamwita kijana yule kwenye usaili kwa njia ya mtandao, Jumamosi saa nne asubuhi. Amengoja miezi, na sasa mlango unafunguka saa ile ile ambayo amezoea kuwa katika Shule ya Sabato.

Danieli aliazimu moyoni kwanza. Uamuzi wake haukungoja kuona chakula mezani. Kisha aliomba, wala hakutukana. Mkuu wa matowashi alipoonyesha hofu yake, Danieli alimwendea msimamizi na pendekezo dogo linalowezekana, la kujaribiwa siku kumi. Msimamo wake ulikuwa imara na lugha yake ilikuwa ya heshima.

Kwa kijana wetu, njia hiyo ina hatua zilizo wazi. Ajibu mapema, siku ile ile ikiwezekana. Ashukuru kwa mwaliko. Aeleze kwa sentensi moja au mbili kwamba huitunza Sabato tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, na apendekeze siku nyingine. Aangalie pia tofauti ya saa: majira ya baridi, saa kumi alasiri ya Ijumaa London ni saa moja usiku Unguja, na jua limekwisha kuzama.

Je, chuo kitakubali? Huenda kikakubali, huenda kisikubali. Katika Danieli 1 jaribio lilifanikiwa, lakini katika Danieli 3:16–18 rafiki zake watatu walimweleza mfalme kwamba hata wasipookolewa hawataabudu sanamu. Anayeitunza Sabato kwa masharti ya kupewa nafasi bado hajapumzika. Na kanisa lisimwache peke yake akipoteza nafasi kwa sababu hiyo. Aliyesifiwa mimbarani kwa msimamo wake Sabato hii atahitaji kutembelewa Jumanne.

*Kundi lenu linaweza kumsaidiaje kwa vitendo kijana anayekutana na jaribu hili?*

ALHAMISI

Daudi Anapoambiwa Hapana

*Soma 2 Samweli 7:1–18. 1 Wafalme 8:17–19. 1 Mambo ya Nyakati 22:2–5. Mungu alikataa nini, na alikubali nini?*

Daudi alitaka kumjengea Bwana nyumba. Nathani alimwambia mara moja aende akafanye, kwa kuwa Bwana yu pamoja naye. Usiku ule ule Mungu alimrudisha nabii na jibu jingine. Nathani alikuwa rafiki mwema na nabii wa kweli, lakini alijibu kabla ya kuuliza. Wapo ndugu leo wanaomwambia mwombaji, “Hiyo nafasi Mungu amekwisha kukupa.” Wanataka kumtia moyo. Jibu likiwa hapana, wanamwachia mizigo miwili: kukosa nafasi, na kujiuliza kama Mungu amemdanganya.

Jibu la Mungu kwa Daudi lilikuwa hapana kwa kazi ile. Lakini Sulemani anakumbuka kwamba Bwana alimwambia baba yake alifanya vema kuwa na nia hiyo moyoni. Nia ilipokewa, ingawa ombi halikukubaliwa. Daudi akaingia, akaketi mbele za Bwana. Baadaye akakusanya mawe, chuma, shaba na mierezi kwa ajili ya nyumba ambayo mwingine angeijenga.

Aliyekataliwa anaruhusiwa kulia. Akiisha kulia anaweza kuuliza kilichopungua, akarekebisha maelezo yake na kuomba tena mwakani. Anaweza pia kukaa na mdogo wake wa kanisani na kumfundisha kuijaza fomu ile ile, naye akapata. Hayo ni mawe na mierezi.

Na aliyekubaliwa je? Sulemani alipata ndiyo ambayo baba yake hakuipata. Alijenga hekalu, na bado uzeeni moyo wake uligeuzwa (1 Fal. 11:4). Barua ya udahili ni zawadi ya kushukuriwa. Haithibitishi kwamba aliyeipata yuko karibu na Mungu kuliko aliyeikosa.

*Ni jambo gani uliwahi kunyimwa, na sasa unaweza kumwandalia mwingine?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Ellen Harmon, ambaye baadaye alijulikana kama Ellen G. White, alizaliwa mwaka 1827 katika jimbo la Maine, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka tisa msichana mwenzake alimpiga kwa jiwe usoni. Alijaribu kurudi shuleni, afya ikamshinda, na masomo yake rasmi yakakoma akiwa bado mtoto. Alipenda kusoma, na kukosa huko kulimuumiza. Mwaka 1903 kilichapishwa kitabu chake juu ya elimu ya kweli. Mwaka huo huo wamisionari wa kwanza wa Kiadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare, na shule zikawa sehemu ya kazi iliyoanzia pale.

Historia hii isitumiwe kudharau vyuo. Yeye mwenyewe alihimiza shule zianzishwe, na kanisa likaendelea kujenga shule na vyuo katika mabara mengi. Inaonyesha tu kwamba mlango uliofungwa kwa mtoto mmoja haukuyafunga maisha yake yaliyokuwa mikononi mwa Mungu.

Maswali ya Kujadili:

1. Wazazi wengi wameuza mazao au mifugo ili mtoto asome. Mtoto huyo akikataliwa, aibu huwa ya nyumba nzima. Kanisa linaweza kufanya nini ili nyumba hiyo isijifiche?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumtia moyo anayengoja na kumwahidi jambo ambalo Mungu hakuliahidi? Tungeni pamoja maneno ambayo mngemwambia.

3. Linganisheni siku kumi za Yeremia 42 na siku kumi za Danieli 1. Nini kilitofautisha mioyo ya waliongoja?

4. Mwumini mmoja amepata nafasi ya masomo, mwingine aliyeomba pamoja naye amekosa, na wote wawili watakuwapo kanisani Sabato hii. Ushuhuda utolewe kwa namna gani ili wote wawili warudi nyumbani wakijua kwamba Mungu aliwasikia?