SOMO: FITINA KAZINI
Masomo: Danieli 6:1-11, Matendo ya Mitume 6:1-7

Juma hili tunajifunza jambo linalowagusa wenye mshahara na wanakamati pia: kugombania cheo, kupeleka maneno kwa mkubwa, na kumpa mtu kazi kwa sababu ni wa kwetu.

Danieli alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliosimamia maliwali 120. Wenzake walitafuta kosa katika kazi yake, hawakuliona, ndipo wakageukia dini yake. Hatuambiwi hesabu za mfalme ziliendeleaje siku hizo, wakubwa walipokuwa wakimchungulia mwenzao dirishani!

Sisi tuliotoka Katanga tunao mfano wa karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Ni kweli, mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990 na mashine zilikuwa zimechakaa. Lakini mwaka 1992 na 1993 wanasiasa walisema Wakasai wamewanyang'anya wenyeji kazi. Likasi na Kolwezi watu walifukuzwa kazini na nyumbani, familia zikalala stesheni zikingoja treni, na watoto wakafa pale. Mafundi wa miaka mingi waliondoka na ujuzi wao. Mwaka 1993 shaba haikufika tani 50,000. Na wale waliobaki? Walikuja kukaa miezi mingi bila mshahara, na mwaka 2003 zaidi ya 10,000 wakapewa pesa waache kazi.

Fitina ndogo hufanya kazi vilevile. Mtu anaona mizani inapima vibaya siku ya kugawa chakula, ananyamaza, kwa kuwa mwenye mizani ni shemeji ya mkubwa. Mwenye ujuzi hamfundishi kijana, anaogopa kuondolewa. Mwingine anafanya kazi tu mkubwa akipita. Anayeumia ni mama aliye mwisho wa mstari, ambaye hajui hata majina ya wanaogombana.

Kanisa la Yerusalemu nalo lilipata manung'uniko juu ya chakula: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakutafuta nani aliyeanza maneno. Waliita mkutano wa wote, wakaacha watu wenyewe wachague saba wenye sifa njema. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Inaonekana ghala iliwekwa mikononi mwa upande ule uliolalamika.

Katika vikundi vyenu zungumzeni hili: kamati yetu ikichaguliwa tena, je, tutakubali mwenye kushika daftari atoke kwa wale wanaotulalamikia?